Zamu ya Wesley Gault

Jumapili, 9 Juni

Kama yupo mtu mwenye bahati kunizidi mimi katika jimbo zima la Fermanagh, basi bado hajazaliwa, na akizaliwa nitamfundisha kazi. Naandika bila haya, maana daftari ni langu na msomaji hayupo. Mimi, Malachy Devenney, umri sitini na sita, dereva wa basi, nimeponea mambo ambayo wenzangu wangesomewa misa. Nimeshinda nguruwe wa bahati nasibu ya parokia miaka miwili mfululizo, mpaka padri akaniomba mwaka wa tatu nisinunue tikiti. Nimeanguka kutoka juu ya paa la bekari nikatua kwenye magunia ya unga, nikatoka mweupe kama malaika, sina hata mkwaruzo. Na kubwa kuliko yote – Alhamisi, tarehe 14 Machi 1985. Enzi hizo nilikuwa naendesha gari la mikate la bekari, na dereva mwenzangu Wesley Gault aliniomba tubadilishane zamu. Nikamkubalia, kwa moyo mweupe. Akapanda na gari la mikate kwenye barabara yangu, ya Mullanbeg, huko milimani, mimi nikabaki na yake ya mjini. Chini ya kalavati, lile daraja dogo la kupitisha maji, palikuwa na bomu lililowekewa jeshi na wapiganaji wa upande wetu wa Kikatoliki. Gari la mikate likafika kwanza. Yeye kafa, mimi nipo, nakula viazi vyangu. Hiyo ndiyo bahati, nyingine ni mchezo wa watoto.

Hata daftari hili ni bahati. Profesa Oakes amekuja na wanafunzi kumi na wanne kutoka Iowa. Siku tano, wajue Waairishi ni watu gani, nani anajiita nani, na watu wanaishije baada ya kuuana. Kila mwanafunzi kapewa daftari aandike kila siku. Mmoja kaugua hakuja, daftari lake likaniangukia mimi. “Nawe andika, Bwana Devenney,” kasema Profesa. “Wewe ndiye historia yenyewe.” Nikamwambia shule niliiacha na miaka kumi na minne na herufi zangu zinatembea kama kondoo waliofunguliwa. Akacheka. Watu wote hucheka kwangu.

Nimewachukua uwanja wa ndege wa Dublin. Njiani wanauliza mpaka wa kusini na kaskazini uko wapi, mpaka uko wapi. Nikawaambia mmeshaupita, ulikuwa pale kwenye duka la fataki. Basi zima likageuka nyuma kupiga picha duka la fataki.


Jumatatu, 10 Juni

Belfast. Mvua, jua, mvua. Wameandika majina yao kwenye ukuta uliotenganisha mitaa. Wamepiga picha mawe ya kando ya njia yaliyopakwa rangi za bendera. Kijana mmoja kaniuliza mnajuaje nani Mkatoliki na nani Mprotestanti, mbona mnafanana. Nikamwambia tazama sepetu yake, anachimba kwa mguu gani – sisi mguu mmoja, wao mguu mwingine. Kasema huku mjini hakuna anayechimba. “Ndiyo maana wanapigana,” nikamjibu. Ameliandika hilo. Maskini wa Mungu.

Wakati wa kurudi Profesa kanipa maikrofoni, niwasimulie ya Wesley. Najua kuisimulia. Nimeisimulia harusini, baa, kwenye matanga, kwa Wajerumani, kwa watawa. Najua pa kunyamaza. Ninyamazapo ni pale ninaposema mikate ilitapakaa juu ya ua wa miiba nusu maili, na kunguru walishiba siku tatu. Hapo huwa hakuna anayekohoa.

Leo wamelia wanne. Halafu Keziah, binti anayekaa nyuma ya kiti changu, umri kumi na tisa, nywele za rangi ya karoti, kaniuliza, “Bwana Malachy, kwa nini aliomba mbadilishane?”

Miaka thelathini na tisa. Polisi waliniuliza mara moja, nikasema hakuniambia sababu, wakaandika, wakafunga. Tangu hapo hakuna aliyeuliza. Kwetu hatuulizi. Unauliza mvua, unauliza ng'ombe, unauliza mama wa mtu hajambo. Hilo jingine unalikwepa kama shimo la barabarani. Kila dereva wa kwetu anajua mashimo yalipo. Watoto wa Iowa hawajui.

Nikasema, “Alikuwa na mtu wa kuonana naye huko juu.”

Limetoka lenyewe. Sijui limetoka wapi. Basi zima likafanya aaah, kwa sauti ile ya kusikia mapenzi. Keziah akainamisha kichwa akaandika. Niliiona kalamu yake kwenye kioo, inakimbia.

Profesa kafurahi. Alhamisi hii, kwenye kituo cha amani pale Killadroy, kutakuwa na duara la kusimuliana. Nikasimulie. Nikasema nitakuja na kofia mpya.


Jumanne, 11 Juni

Nitaandika polepole.

Leo tumekuwa Killadroy, mji wetu. Asubuhi wanafunzi wamefundishwa ngoma kubwa ya Waprotestanti, ile inayobebwa kifuani na kuchapwa kwa fimbo mbili mpaka madirisha yanalia. Mchana, ukumbi uleule, wakafundishwa dansi yetu, mikono imenyooka mbavuni na miguu ikipagawa. Kijana wa sepetu kaanguka mara tatu. Nilikuwa mlangoni namcheka, kikombe mkononi, mtu kaja kusimama pembeni yangu. Mwanamke wa miaka arobaini na kitu, koti la mvua, funguo za kituo shingoni.

“Wewe ni Malachy wa mikate.”

“Ndiye mwenyewe, dada, mzima na sura bado inauzika.”

“Mimi ni Roberta. Wa Wesley.”

Chai ilinimwagikia kiatuni na sikuusikia moto wake.

Tunakaa umbali wa maili sita. Nimemwona kwenye foleni ya posta mara mia, nikageukia kadi za Krismasi. Hatujawahi kusemezana. Yeye alikuwa na miaka tisa siku ile.

“Nakukumbuka kwenye mazishi,” kasema. “Ulisimama nje ya lango, umeshika kofia.”

Ni kweli. Enzi zile Mkatoliki hakuwa anaingia kanisa lao hata kwa jeneza la rafiki. Unasimama langoni, unavua kofia, mvua inakunyeshea, na wao wanaona umekuja. Watu walinisifu kwa kufika. Ninachokikumbuka mimi ni kwamba niliushukuru ule mlango wa chuma. Mjane wa Wesley alikuwa upande wa ndani. Alinyanyua kichwa kunitafuta, nikazitazama kamba za viatu vyangu.

“Mama amefariki Februari,” kasema Roberta.

“Pole sana, mwanangu. Mungu amlaze pema.”

“Bado hajalala popote. Majivu yake yako jikoni kwangu, kabatini, karibu na majani ya chai.” Alitaka kutabasamu, mdomo ukakataa. “Kabla hajafa alisema, usinizike na baba yako mpaka ujue alimfuata nani barabara ile. Wewe unajua watu walivyosema. Yule mjane wa Mullanbeg. Zamu ya baba ilikuwa ya mjini. Mgongo ulikuwa unamuua, milima aliichukia. Kwa nini aiombe?”

Nikainama kufuta kiatu. Mimi, Malachy, ambaye Dympna mke wangu husema naongea hata nikipiga mswaki.

“Sikulaumu hata kidogo,” kasema. “Wewe ulimtendea wema. Nataka neno lolote alilokuambia. Lolote. Mama aliishi na swali hilo akalala upande mmoja wa kitanda miaka yote. Alhamisi nitakuuliza kwenye duara. Tukiwa wawili nitashindwa, nitakuuliza habari za mvua. Jumamosi naenda makaburini na yale majivu – ama kwa baba, ama kule mwisho kwa ndugu zake mama.”

Akaniwekea mkono begani. Mkono mwepesi. Bado nausikia.

Nimeendesha basi kurudi hotelini kwa gia ya pili. Magari yamenipigia honi mpaka yakachoka.


Jumatano, 12 Juni

 Sikula. Dympna kaniwekea soseji mbili na mkate wa soda uliokaangwa, nikampa mbwa. Mbwa kanishangaa.

Nimewapeleka wanafunzi uwanjani kujifunza mchezo wa fimbo na mpira. Vidole viwili vimevimba, jino moja linacheza, wote wana furaha. Keziah kaja dirishani kwangu kuniuliza kama naumwa. Nikasema dereva haumwi, huegesha tu. Hakucheka. Yule mtoto haandiki vichekesho vyangu. Anaandika yale mengine.

Saa saba nimerudi nyumbani kula, yaani kukaa mbele ya sahani. Simu ikalia. Oweny, kaka yake Dympna. Anaishi maili mbili kutoka hapa, chupa ya oksijeni kitandani, anapumua kama pampu ya baiskeli iliyotoboka.

“Nasikia unapanda jukwaani.”

“Jukwaa gani, Oweny. Viti vya plastiki vimepangwa duara.”

“Viti au jukwaa.” Akapumua. Nikangoja. “Mimi nina nusu ya mapafu, shemeji. Nataka kufia kitandani kwangu, si kwenye meza ya polisi. Na wapo wengine ambao mapafu yao ni mazima.”

“Mimi nasimulia ya siku zote tu.”

“Siku zote ulikuwa huna binti yake mbele yako.” Akapumua tena. “Huko kwenu mvua itanyesha?”

“Itanyesha.”

“Haya.”

Akakata. Nikabaki na simu sikioni. Kwapani maji yanatiririka, na jua lenyewe halipo. Nakumbuka aliyetoa siri enzi zile alivyookotwa – kando ya njia ya mpakani, kavuliwa viatu, mfuko wa takataka kichwani. Tulimpita na magari yetu ya kazi. Hakuna aliyepunguza mwendo. Watasema ilikuwa zamani na sasa kuna amani. Amani ipo, nawabebea wageni waje kuitazama. Lakini madirisha bado yanavunjwa, na Dympna analala upande wa dirisha.

Dympna alikuwa anamenya viazi.

“Nani?”

“Kaka yako.”

“Anataka nini?”

“Kauliza mvua.”

“Oweny hajauliza mvua tangu abatizwe.” Kisu kikaendelea. Ganda refu, halikatiki. Kisha, bila kunitazama, “Wiki ile ya mazishi ya Wesley, karani wa bekari alinisimamisha dukani. Akaniuliza mama mkwe wako anaendeleaje huko hospitali.”

Nikashika meza.

“Nikamjibu anaendelea vizuri, asante. Mama yako alikuwa hapa hapa kwenye kiti hicho, anakula mayai mawili.”

“Dympna –”

“Sikuuliza,” kasema. “Wala leo siulizi. Leta sufuria.”

Nikaleta sufuria.


Alhamisi, 13 Juni

Niko ndani ya basi. Nimefunga mlango. Mapumziko ya chai, dakika ishirini. Nimewaambia naenda kukagua matairi. Matairi hayana neno. Mvua ni ya ndoo.

Niandike haraka.

Duara la viti kumi na tisa. Profesa kakaa katikati ya watoto wake. Kiti changu na cha Roberta vinatazamana, sijui nani kavipanga. Roberta kaanza. Hakulia. Kaeleza kuhusu baba yake alivyokuwa akirudi na vipande vya mkate mfukoni kwa ajili ya farasi wa jirani, na unga ndani ya masikio ambao hautoki hata Jumapili. Kaeleza kuhusu mama, kitanda, kabati la jikoni. Akatoa kofia ya bekari ya Wesley kwenye mfuko wa nailoni akaiweka gotini. Nami nilikuwa na kama ile. Niliichoma mwezi wa Aprili mwaka uleule, nikamwambia Dympna panya wameitafuna.

Halafu akaniangalia. “Bwana Devenney. Baba alikuambia nini alipoomba zamu yako?”

Mdomo ukafunguka. Nilikuwa nimeandaa. Nilikuwa nimeandaa kitu kizuri tangu jana, kwamba alisema anataka kubadilisha hewa, au mgongo umepona. Uongo wa kumfaa, unaofunga jambo. Lakini haukutoka, nikawa napiga kidole gotini kama mtu anayetafuta stesheni ya redio. Watu wakadhani ni huzuni. Profesa akatikisa kichwa kwa huruma.

Na Keziah – kwa wema, ni wema mtupu, alikuwa ananiokoa – akafungua daftari lake. Akasema kwa sauti ndogo, “Bwana Malachy alituambia Jumatatu. Samahani. Alisema alikuwa na mtu wa kuonana naye huko juu.”



Nimeona watu wakipokea habari. Nimewapelekea watu mikate asubuhi za misiba. Sijaona uso ukifanya vile. Haukuvunjika. Ulitulia, kama nyumba ambayo mtu wa mwisho ametoka na kuzima taa. Roberta akaikunja kofia ya baba yake, mara mbili, akairudisha kwenye mfuko wa nailoni.

“Basi,” kasema. “Asante. Ni kwa ndugu zake mama, basi.”

Akaingiza mfuko ule chini ya kiti, kwa mguu. Kwa mguu.

Profesa akasema chai.

Dakika ngapi zimebaki sijui. Saa ya basi imesimama tangu Pasaka. Kupitia kioo namwona Keziah kwenye ngazi za ukumbi, analia, yule kijana wa sepetu kamshika bega. Anajua amefanya jambo, hajui ni lipi. Amefanya la kwangu. Miaka yote uongo wangu ulikuwa na kipande kimoja tu, aliomba, sikuuliza. Mengine waliyajaza watu wenyewe. Jumatatu nikaongeza cha pili kwa maikrofoni, ili watoto wa Iowa wafanye aaah.

Naogopa. Naandika neno lenyewe nione linavyokaa. Namwogopa Oweny na walio na mapafu mazima. Naogopa polisi, maana kujua na kunyamaza nako kuna kifungo. Naogopa Dympna atakavyopita sokoni. Lakini sikujifungia humu kwa sababu yao. Nimejifungia kwa sababu ya mfuko wa nailoni uliosukumwa kwa mguu.

Mlango wa ukumbi umefunguliwa. Roberta. Hana mwavuli. Kashika vikombe viwili, biskuti imelazwa juu ya kimoja isiingie maji. Anakuja huku. Ananiletea chai. Anakuja kunipa pole, mimi, kwamba nimelazimishwa kusema jambo gumu.

Andika, Malachy. Kabla hajafika kwenye lile dimbwi.

Jumatano tarehe 13 Machi, kwenye pampu ya petroli, Oweny alipita akiwa amegeuza uso, akasema, kesho usipite Mullanbeg. Hayo tu. Sikuuliza. Hatuulizi. Ningesema naumwa, gari lingekwenda tu, na karani angetaka kujua naumwa nini. Ningempigia simu polisi, ningeokotwa sina viatu. Nikajiambia ni mtego wa jeshi, na walioutega watajua kutofautisha na gari la mikate. Nikamwendea Wesley nyuma ya tanuri. Nikamwambia mama yangu kalazwa hospitali Enniskillen, niachie zamu ya mjini kesho nimwone mchana. Akashika kiuno. Akasema, “Ile milima itanimaliza, Malachy, lakini mama ni mama.” Akanipa mkate wa zabibu, wa moto, kaufunga kwenye karatasi. “Mpelekee mgonjwa.”

Mama aliula wote. Akasema siku hizi bekari wanatia zabibu nyingi.

Ameruka dimbwi. Anagonga mlango kwa kiwiko, mikono imejaa. Mvua inamwingia shingoni na anatabasamu ili nisione vibaya.

Wesley hakuomba. Mimi ndiye niliyeomba. Sikuwa na bahati. Niliambiwa.